Presha ya Jicho Saa Kumi Alfajiri, Wakati Kliniki Imefungwa

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa wa jicho unaoleta upofu taratibu, anayehudhuria kliniki bila kukosa hupimwa presha ya jicho mara tatu au nne kwa mwaka. Kila kipimo huchukua sekunde chache. Ukizijumlisha zote, daktari anaamua juu ya dawa, leza au upasuaji kwa kutegemea muda usiofika dakika chache katika mwaka mzima. Na sekunde hizo huangukia saa zilezile: kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, mgonjwa akiwa ameketi wima, amekwisha kunywa chai, amekwisha kupanda daladala. Mara nyingi pia wiki hiyo ametia dawa kwa uangalifu kuliko wiki zote zilizopita, kwa kuwa anajua leo anapimwa.

Saa nyingine zote hakuna anayejua jicho linafanya nini. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 50 kuna wahandisi na madaktari wanaohangaika kutengeneza kihisi kidogo cha kupandikizwa ndani ya jicho, kikae humo miaka, kitoe namba wakati wowote. Vingine vimekwisha kupandikizwa kwa watu. Habari zake zikisambaa mitandaoni huandikwa kana kwamba kazi imekwisha na upofu umeshindwa. Kazi haijaisha, na sehemu ngumu yake si ile watu wanayoidhania.

Tuanze na presha yenyewe. Nyuma kidogo ya ile sehemu ya jicho yenye rangi kuna tishu inayotengeneza maji safi mchana na usiku. Si machozi, machozi yako nje. Maji haya hupita kwenye mboni, hujaza chumba cha mbele, hulisha konea (kile kioo cha mbele cha jicho) na lenzi ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia kichujio kilicho kwenye pembe, pale konea inapokutana na sehemu yenye rangi. Kinachotengenezwa ni maikrolita 2 hadi 3 tu kwa dakika. Kichujio kikiwa kizito kupitisha, maji hubaki na presha hupanda. Hupimwa kwa milimita za zebaki, ile mmHg unayoiona kwenye kadi, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21.

Presha ikizidi kile ambacho jicho lako linaweza kustahimili, nyuzi za mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa taratibu. Ziko kama milioni moja, na zikifa hazioti tena. Upofu huanzia pembeni, bila maumivu, na ubongo hujaziliza mapengo hadi mtu asijue anachokosa. Utafiti uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa watu 4 hivi kati ya kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Huo ni ugonjwa wa kawaida kabisa.

Sasa, nimesema "kile ambacho jicho lako linaweza kustahimili" kwa makusudi. Wapo wenye presha ya 26 miaka yote na mshipa wao mzima. Wapo pia wanaopoteza uoni huku kila kipimo cha kliniki kikisoma 15 au 16. Kwa kundi hili la pili kuna maelezo kadhaa, na mojawapo ni rahisi sana: huenda 16 ni ya saa nne asubuhi tu.

Tazama kipimo kinavyofanyika. Daktari hudondosha tone la ganzi lenye rangi ya njano, mgonjwa huweka kidevu kwenye kiti cha mashine, taa ya bluu huwashwa, na kichwa kidogo cha plastiki husogezwa hadi kiguse konea. Ndani ya darubini daktari huona nusu duara mbili za kijani kibichi. Huzungusha kigurudumu cha pembeni mpaka kingo za ndani za nusu duara hizo zigusane, na hapo husoma namba. Kifaa hiki ni cha Hans Goldmann, daktari wa Bern, Uswisi, aliyekitoa miaka ya 1950, na hadi leo ndicho rejea ya dunia nzima. Eneo la konea linalobonyezwa lina kipenyo cha milimita 3.06. Namba hiyo haikubahatishwa: katika upana huo, ugumu wa konea unaosukuma kichwa nyuma na machozi yanayokivuta mbele hufutana.

Lakini hufutana vizuri kwenye konea yenye unene wa kawaida, takriban mikroni 520, yaani kama nusu milimita. Konea nyembamba hushusha kipimo kuliko ukweli, nene hukipandisha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu wenye presha ya juu ya jicho, washiriki weusi walikuwa na konea nyembamba kwa wastani kuliko weupe, maana yake kipimo kilekile kinaweza kumpunja mtu mmoja na kumzidishia mwingine. Kihisi kilicho ndani ya jicho hakibonyezi konea, kwa hiyo unene wake haukihusu. Hiyo ni faida ya kwanza, na si ndogo.

Faida kubwa ni usiku. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, John Liu na Robert Weinreb walifungua maabara ambamo watu walilala usiku kucha na kuamshwa kila baada ya saa mbili wapimwe. Kwa wengi wao presha ya juu kabisa ilitokea usiku, wakiwa wamelala chali, nje ya saa za kliniki.

Hapa pana fumbo linalostahili kusimamiwa kidogo. Usiku jicho hupunguza kutengeneza maji, hushuka karibu nusu ya kiasi cha mchana. Ungetarajia presha ishuke pamoja nayo. Inapanda. Sababu mojawapo ni mlalo wenyewe: mtu akilala, damu kwenye mishipa inayotoka jichoni na kichwani hupata msukumo mkubwa zaidi, na maji ya jicho ambayo hatimaye humwagika kwenye mishipa hiyo hukosa njia nyepesi. (Kama una glakoma na unapenda mazoezi ya kusimama kwa kichwa, acha, mkao huo unaweza kuongeza presha ya jicho mara mbili.)

Fumbo hilo lina matokeo ya moja kwa moja kwenye chupa ya dawa. Timolol, tone la bei nafuu ambalo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanalijua, hufanya kazi kwa kupunguza utengenezaji wa maji. Mchana hufanya hivyo vizuri. Usiku, pale jicho lenyewe limekwisha kupunguza, timolol haina cha kupunguza, na vipimo vya maabara za usingizi vimeonyesha haisaidii kitu cha maana saa hizo. Daktari akimpima mgonjwa wake saa nne asubuhi ataona dawa inafanya kazi barabara. Ni kweli inafanya kazi, saa nne asubuhi.

Kwa hiyo swali ni namna ya kuupata usiku bila kumlaza mtu maabara na kumwamsha, jambo ambalo lenyewe hubadilisha kile unachokipima. Kuna kipimo cha nyumbani cha kampuni ya Icare ya Finland, ambacho hurusha kijiti chepesi kikagusa konea na kurudi kwa kasi inayotegemea presha, bila ganzi. Ni kizuri, ila lazima uamke ukishike. Kuna pia lenzi ya kuvaa iitwayo Triggerfish, iliyotengenezwa na Sensimed ya Lausanne na kukubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2016. Ina waya mwembamba unaohisi mabadiliko ya mkunjo wa jicho, huvaliwa hadi saa 24 na kurekodi sekunde 30 kila baada ya dakika 5, mtu akiwa macho au usingizini. Tatizo lake ni kwamba haitoi mmHg. Hutoa vipimo vya umeme: unaona mstari ukipanda na kushuka, unajua ulipanda saa tisa usiku, hujui ulipanda hadi ngapi.

Ndipo tunaingia ndani.

Mtu wa kwanza kulichukulia wazo hili kwa vitendo alikuwa Carter Collins, San Francisco, ambaye mwaka 1967 alieleza kifaa kidogo kisicho na betri, chenye koili mbili ndani ya kifuko cha gesi. Presha ikiongezeka koili husogeleana, na mawimbi ya redio kutoka nje hugundua mabadiliko hayo. Alikipandikiza kwa sungura na kikasoma. Kanuni ya vifaa vya leo haiko mbali na ya Collins. Kilichobadilika ni jinsi ya kutengeneza.

Kihisi cha kisasa cha aina iliyofika mbali zaidi hufanya kazi hivi. Kuna utando mwembamba sana wa silikoni, ile madini ya kutengenezea chipu, uliotandazwa juu ya kijichumba kilichofungwa kabisa. Utando ni bamba moja la umeme, sakafu ya kijichumba ni bamba la pili. Presha ikiubonyeza utando, mabamba mawili hukaribiana na uwezo wake wa kubeba chaji huongezeka. Chipu iliyo pembeni hugeuza badiliko hilo kuwa namba. Nishati haitoki kwenye betri. Kuna antena ya dhahabu iliyoviringishwa kuzunguka kifaa, na mgonjwa anaposogeza kisomaji mbele ya jicho, mawimbi ya kisomaji huiamsha chipu, chipu hupima, hurudisha namba, hulala tena. Ni jambo lilelile linalotokea unapogusisha kadi kwenye geti la kivuko. Hata masafa ya redio ni yaleyale, megahezi 13.56.

Kampuni ya Implandata ya Hannover, Ujerumani, imekifikisha kifaa cha namna hii kwa wagonjwa chini ya jina Eyemate, na mwaka 2017 ikapata kibali cha kukiuza Ulaya. Toleo la kwanza ni pete ya kipenyo cha milimita 11 hadi 12 hivi, unene wa milimita 0.9, yenye vihisi vinane, imefunikwa kwa silikoni laini ya kitabibu. Hupandikizwa wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho: daktari akishaondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, pete huingizwa kupitia mkato na kukaa nyuma ya sehemu yenye rangi, mbele ya lenzi mpya. Uoni hupita katikati ya pete.

Kwa nini ifuatane na upasuaji mwingine? Kwa sababu kila mara jicho linapofunguliwa kuna hatari ya vijidudu kuingia, na maambukizi ya ndani ya jicho yanaweza kulipofusha kwa siku chache. Hakuna daktari makini atakayefungua jicho kwa ajili ya kupima tu. Unapanda kwenye safari ambayo tayari ipo. Hilo lenyewe hupunguza sana idadi ya watu wanaofaa.

Jaribio la kwanza la pete hii lilikuwa na wagonjwa 6. Wanne walipata uvimbe ndani ya jicho usio wa vijidudu, ukatulia kwa dawa ndani ya siku 9. Wote walipata mabadiliko ya umbo la mboni, madogo au ya wastani, na rangi iliyobanduka kutoka nyuma ya sehemu yenye rangi, kwa sababu pete ilikuwa inaisugua. Pete ikasanifiwa upya na jaribio kubwa zaidi likafuata. Baadaye kampuni ikatoa toleo jingine ambalo haliingii kwenye maji ya jicho kabisa: hukaa kati ya weupe wa jicho na tabaka la mishipa lililo chini yake, na huwekwa wakati wa upasuaji wa glakoma. Nadhani njia hiyo ndiyo yenye akili zaidi, kwa sababu mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa glakoma ndiye hasa anayehitaji kujua kama presha imeshuka na imebaki chini.

Sasa tufike kwenye ile sehemu ngumu. Watu hudhani ni udogo. Udogo ulikwisha kuwezekana: mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Michigan kilionyesha kompyuta kamili ya kupima presha ya jicho yenye ujazo unaozidi kidogo milimita 1 ya mchemraba, ndani yake ikiwa na betri, seli ya jua, redio na kumbukumbu, ikipima kila baada ya dakika 15. Ugumu uko kwenye kusema kweli kwa miaka.

Chukua mgonjwa wa Mombasa mwenye presha ya jicho ya 16. Kihisi kilicho ndani hakioni 16. Kijichumba chake kimefungwa, hakijui habari ya nje, kwa hiyo kinahisi hewa yote ya pwani inayolikandamiza jicho, kama 760 mmHg, pamoja na hiyo 16. Jumla ni 776. Mgonjwa huyo akipanda treni ya SGR hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi na kihisi kitasoma karibu 635. Jicho lake halijabadilika hata kidogo, lakini namba imeporomoka kwa 140, karibu mara tisa ya kile daktari anachokitafuta. Hata kupanda ghorofa nne kwa lifti hupunguza hewa kwa takriban 1 mmHg.

Kwa hiyo kisomaji cha nje lazima kiwe na barometa yake, kipime hewa ya mahali hapo dakika hiyohiyo na kuitoa. Kinachobaki ndiyo presha ya jicho. Kwa kifaa kinachosomwa papo hapo si shida. Kwa kifaa chenye betri kinachojipima chenyewe usiku na kuhifadhi, ni lazima kitu cha nje kiwe kinarekodi hewa muda uleule, la sivyo takwimu za usiku mzima hazina maana. Mgonjwa akisahau barometa nyumbani na kusafiri kwenda Arusha, rekodi nzima imeharibika.

Ongeza hili: 1 mmHg ni muhimu. Utafiti maarufu wa Sweden kuhusu glakoma ya awali ulionyesha kwamba kila 1 mmHg inayoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa takriban asilimia 10. Sasa 1 ndani ya 776 ni kuomba kifaa kisikosee hata kwa sehemu moja kati ya mia saba, kikiwa kimezama kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, kwa miaka kumi. Ile silikoni laini inayokifunika hufyonza unyevu kidogo kidogo. Chembe hai za mwili hujenga utando juu ya kitu chochote kigeni na kubana pale panapotakiwa kubonyea. Namba huanza kuteleza, nusu leo, moja mwakani, na kifaa kinaendelea kutoa jibu kwa ujasiri uleule. Watafiti wa Caltech, taasisi ya teknolojia ya California, waliokuwa wakitengeneza kihisi cha aina nyingine, kinachosomwa kwa mwanga, waliiga vinundu vidogo mno vilivyo kwenye bawa la kipepeo wa Amerika mwenye mabawa ya kioo, kwa sababu chembe hai hushindwa kushika juu yake. Walichapisha kazi hiyo mwaka 2018. Hivyo ndivyo watu wanavyolichukulia kwa uzito tatizo la utelezi.

Dawa ya kawaida ya utelezi ni kusahihisha: mgonjwa huja kliniki, hupimwa kwa kifaa cha Goldmann, na tofauti huingizwa kwenye kisomaji. Ndiyo kusema kifaa kilichokuja kuziba kasoro za Goldmann kinarudi kwa Goldmann kuulizia ukweli. Mimi sioni aibu ndani yake, maadamu wauzaji wanasema wazi. Kihisi kinachoteleza taratibu bado kinaweza kukuonyesha vizuri tofauti kati ya mchana na usiku wa siku hiyohiyo, maana utelezi wa miezi haubadilishi mambo ndani ya muda wa saa nane. Kile kisichopaswa kuaminiwa kibubusa ni namba ya leo ikilinganishwa na namba ya miaka mitatu iliyopita.

Kisha kuna neno "muda wote" ambalo hutumiwa ovyo. Pete isiyo na betri haipimi muda wote. Hupima unaposogeza kisomaji, basi. Mtu anaweza kupima mara kumi kwa siku, na katika siku za kufungiwa ndani za mwaka 2020 wagonjwa wa Ujerumani wenye kifaa hiki waliendelea kutuma namba zao kliniki wakiwa nyumbani, jambo ambalo wagonjwa wengine wengi hawakuliweza. Lakini akiwa usingizini hakuna anayeshika kisomaji, na akiamka kushika, si usingizi tena. Kupima usingizi wenyewe kunahitaji ama antena iliyovaliwa kuzunguka jicho usiku, ama betri ndani. Kampuni ya Injectsense ya California imechagua njia ya betri, kwa kifaa kinachokusudiwa kupandikizwa kupitia weupe wa jicho na kuchajiwa kwa kifaa cha kuvaa. Betri nayo huzeeka, na betri iliyozeeka ndani ya jicho ni mjadala mwingine.

Tuseme yote yametatuliwa. Una namba elfu kumi za mwezi mmoja. Unafanya nazo nini?

Wanyama wametupa picha ya awali. J. Crawford Downs na wenzake, Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham, waliweka vihisi kwenye macho ya nyani na kurekodi mfululizo. Waliona presha ikirukaruka maelfu ya mara kwa saa mnyama akiwa macho: kila kupepesa, kila kugeuza jicho, huacha mruko. Kwa hiyo presha ya jicho haijawahi kuwa namba moja. Kile kinachoandikwa kwenye kadi ni picha ya mnato ya kitu kinachocheza bila kupumzika. Ipi kati ya hizo inaua mshipa? Wastani wa siku? Kilele cha usiku? Kurukaruka kwenyewe? Madaktari wana maoni tofauti, na wanayo kwa sababu takwimu za namna hii kwa binadamu ndizo kwanza zinaanza kukusanywa.

Jambo la kuchunga zaidi ni malengo. Daktari anapomwambia mgonjwa "tunataka ubaki chini ya 18", namba hiyo imetoka kwenye tafiti zilizopima kwa Goldmann, mchana, mtu akiwa ameketi. Tafiti hizo zilifaulu bila kujua usiku kulikuwa na nini. Mgonjwa mwenye kihisi akiona 23 saa kumi alfajiri na kuilinganisha na 18 yake ya mchana, atapaniki bure, na daktari mwenye haraka anaweza kumwongezea dawa asiyoihitaji. Huwezi kuhukumu namba ya usiku kwa sheria iliyotungwa mchana. Sheria za usiku hazijaandikwa bado, na hizi ndizo zitakazochukua miaka, kuliko chipu.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, nisingemshauri mtu auze shamba kufuata pete ya Hannover. Funzo kubwa la usiku tumekwisha kulipata kwa njia nyingine. Hospitali ya KCMC, Moshi, ilifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021, likiwapanga wagonjwa 201 wa glakoma kwa kura: wengine timolol, wengine leza inayolenga kichujio cha maji. Baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolol kwa asilimia 31. Kuna sababu zaidi ya moja. Tone husahaulika, huisha, hukosa nauli ya kulifuata, hudondoka shavuni. Leza ikishafungua kichujio, inafanya kazi saa kumi alfajiri sawa na saa nne asubuhi, mtu akikumbuka au asipokumbuka. Mashine yake ni ghali kununua, lakini moja huhudumia watu wengi.

Na kama uko kwenye dawa na uoni wako unaendelea kupungua huku kadi ikisoma vizuri kila mara, muulize daktari kama hospitali inaweza kukupima siku nzima: uingie asubuhi mapema, upimwe kila baada ya saa mbili au tatu hadi jioni, na ikiwezekana mara moja ukiwa umelala. Haihitaji kifaa kipya, ni kiti cha benchi na uvumilivu. Kama kadi yako haina nafasi ya saa, andika mwenyewe kwa kalamu pembeni ya kila namba: saa uliyopimwa, na saa uliyotia tone la mwisho. Presha ya 19 iliyopimwa saa mbili asubuhi kabla hujatia dawa na 19 ya saa saba mchana baada ya kuitia ni habari mbili tofauti, na daktari anayekuona kwa mara ya kwanza hana njia nyingine ya kuzitofautisha.